Kidole Kinachongoja Wekundu

Katika chumba cha pili cha kliniki moja ya urembo mjini Groningen, Uholanzi, siku hizi hakuna anayehesabu. Muuguzi aliyekuwa akinihudumia humo, kila alipochoma sindano ya kunenepesha midomo, aliibonyeza ngozi kwa kidole, akakiondoa, akahesabu kwa sauti ya chini. Kwa kawaida wekundu wa damu ulirudi kabla hajafika tatu. Meneja wake, Wietske, aliyempima kila muuguzi kwa idadi ya wateja, alichukia sana kuhesabu huko. Siku niliyochomwa mimi, muuguzi alifika tano, kisha sita, na mdomo ukabaki mweupe: dawa ilikuwa imeziba mshipa.

“Wewe, wateja wanne wanakungoja, na ofa inaisha leo!” Wietske alifoka mlangoni.

“Waongezee kahawa,” muuguzi alijibu bila kugeuka. “Nawe mama, tulia. Hatutoki humu mpaka wekundu urudi.”

Akanichoma dawa ya kuyeyusha, akausugua mdomo kwa vidole vyake vyenye joto, akabonyeza, akahesabu, akaanza upya, kwa saa mbili nzima. Mwishowe wekundu ukarudi alipofika mbili. Mdomo ninaonywea chai asubuhi hii ni mzima.

Muuguzi yule hayupo tena kwa Wietske; sasa anafunga vidonda vya wazee katika zahanati ya Hoogkerk, pembezoni mwa mji, Jumatatu hadi Alhamisi.