Jiwe la Makaburi ya Kendu Bay

Niliiba jiwe la kaburi la mtoto, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika makala za kuwalaani wezi wa namna hiyo. Juzi, kwenye maonyesho mjini Homa Bay, niliona mawe ya makaburi ya zamani ya Kendu Bay yakiwa yamechorwa kwa mkaa. Karatasi moja ilikuwa tupu.

"Hapo ni pa jiwe la mtoto lililoibwa. Tunalitafuta tulirudishe, mama," msanii aliniambia.

Alasiri niliyoliiba, nikiwa bado mdogo, makaburi yalinuka dagaa wa omena na mavi ya mbuzi. Sisi Wajaluo huzika wafu wetu nyumbani. Hawa walilala vichakani, nikaamini hawana wenyewe. Maandishi ya Kiarabu niliyadhania kuwa ndege wa ziwani, nikalibeba jiwe kwa ajili ya hao ndege. Mama alininyang'anya. Nilidhani amelitupa.

Nilimpigia Mama simu nikiwa bado mbele ya karatasi ile. Nilimuuliza jiwe alilipeleka wapi.

"Nililizika na mdogo wako, yule mchanga aliyekufa mwezi ule ulipolileta. Hakuwa na kitu kingine cha kwenda nacho. Kama wanalitaka, binti yangu, njoo na jembe wewe mwenyewe."