Bwana Kamasi na Njia ya Sisimizi

Mtaani walimwita Bwana Kamasi, na hata mashemeji zake, watu wazima wenye akili timamu, walimwita hivyo mbele ya watoto. Kisa ni ute wa njano unaoota kwenye magogo yaliyooza, ambao yeye aliufuga kwenye visahani vya maabara ya chuo na kuulisha shayiri asubuhi na jioni, sikukuu na siku za kazi. Ute huo si mmea wala mnyama. Hauna macho, hauna ubongo, lakini ukiuwekea chakula utakitafuta mpaka ukipate, na kule ulikopita huacha utelezi ili usirudi tena kupoteza muda. Binadamu wangapi wana akili hiyo?

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na neno moja tu la kuuambia ulimwengu: kwamba sisimizi nao husoma utelezi ule, wakajua hapo hakuna kitu, wakapita pembeni. Kwa ajili ya neno hilo hakwenda hata kumzika baba mkwe wake. Mkewe alilea watoto wanne kama mjane mwenye mume. Sasa, mvi zimejaa kichwa kizima, chuo kilikuwa kimekubali. Ijumaa angevishwa joho la uprofesa, na mkewe alikuwa ameshashona gauni.

Jumatatu jino likamkamata. Akaenda kung'olewa, akamwachia fundi wa maabara aandae masinia ya kuwaonyesha wageni. Aliporudi, shavu limevimba, alimkuta fundi, mama wa watu, kasimama kashika kiuno.

"Mzee, njoo uone vituko. Sisimizi wako leo wamegoma."

Hawakugoma. Walikuwa wanapita juu ya utelezi, mmoja nyuma ya mwenzake, bila wasiwasi wowote.

"Ute uliubandua na nini?"

"Na kijiko, mzee. Mimi siushiki kwa mkono, nauonea kinyaa."

Yeye miaka yote aliubandua kwa vidole vitupu, kwa madai kwamba kijiko kinakwangua utelezi. Masinia ya kulinganishia, yale yasiyo na ute, hayakuwa na cha kubandua, kwa hiyo hakuyagusa kamwe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefelishwa kwa kosa hilo, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafelisha.

Alichukua sinia safi lisilo na ute hata chembe, akalipitishia vidole vyake, akawafungulia sisimizi. Walifika pale, wakasita, wakapinda kushoto. Akavinusa vidole. Dawa ya kuchua. Tangu kabla utafiti haujaanza, kila asubuhi mkewe alimkalisha kitandani akamchua vidole vilivyokuwa vinamuuma, kimoja baada ya kingine, ndipo amruhusu kutoka. Sisimizi walikuwa wanaikimbia dawa. Utelezi haukuwahusu hata siku moja.

Mkuu wa idara, kijana aliyemfundisha mwenyewe, aliisoma barua yake ya kukiri kosa akiwa bado amesimama.

"Mzee, sindano ya jino imekupanda kichwani? Ute hausemi, sisimizi hawasemi, na huyo fundi niachie mimi. Wewe vaa joho lako."

"Na wanaojenga juu ya kazi yangu?"

"Wajenge. Wewe unakaribia kustaafu, inakuhusu nini?"

Aliiacha barua mezani. Ilifuta kila ukurasa aliowahi kuandika, na uprofesa ukafia hapo hapo. Kama unadhani ukweli ulimpa faraja, hukumwona anavyoshuka zile ngazi. Alijisikia mjinga, mjinga mzee, basi.

Nyumbani mkewe alikuwa mbele ya kioo, analijaribu gauni.

"Ijumaa hakuna kitu," akamwambia. "Nilikosea. Kazi yote haikuwa kweli."

"Ulikosea nini?"

Aliitazama mikono ya mkewe, jinsi ilivyoshika pindo la kitambaa kipya. Jibu lilikuwa mdomoni.

"Vidole vyangu vilikuwa vichafu. Ndio vilivyoharibu."

Mkewe akakaa kitandani taratibu, gauni likamkunjamana.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Baba yangu nimemzika peke yangu. Watoto wamekua wanakujua kwa koti tu. Na wewe, msomi mzima, kunawa mikono tu kulikushinda?"

"Kulinishinda," akasema.

Hakumwambia zaidi ya hapo, siku ile wala siku yoyote iliyofuata.