Nusu ya Sabuni Iliyokwenda Bunda

Juzi nilikuwa Mwisenge kwa mdogo wangu, nikamkuta mwanawe anacheza sataranji kwenye simu. Kete nyeupe zilianza na askari wa mbele ya malkia, hatua mbili. Nikavuta kiti. Ndugu yangu, hapo nikaikumbuka sabuni.

Wewe uliyeishi miaka ile unajua. Sabuni ilikuwaga haionekani, tunafulia majani ya mpapai, na nguo nyeupe zinabaki na ukijani. Sasa mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara Jumapili, na gauni lake la kurithi limechafuka. Mwalimu wetu wa hesabu, ndiye aliyetufundisha sataranji, akatangaza kwamba mshindi kati ya shule yetu na ya Bunda atapewa mche mzima wa sabuni. Bibi akaniambia, "Usirudi mikono mitupu."

Wageni wa michezo walikuwaga wanalala majumbani. Ijumaa tukaletewa mvulana wa Bunda, mpinzani wangu mwenyewe. Bibi akamkaangia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, akampa na ugali wa muhogo. Alipomaliza kula akakaa barazani, akawafunga watoto wote wa mtaa drafti ya vifuniko vya soda. Nilimwangalia sana. Kwenye drafti kula ni lazima, na mkono wake ulishazoea.

Kesho yake nikasogeza askari wa malkia, kisha nikamwekea wa pembeni yake aliwe. Akamla haraka, halafu akang'ang'ania asimrudishe, akazidi kusogeza askari wake mbele. Nikauvunja ukuta ule wa askari wake kwa askari wangu wa pembeni kabisa, malkia wangu akatoka, akawa anaitazama ngome yake ya kona, hakuna wa kuzuia. Baada ya hapo ilikuwa kumalizia tu.

Nilirudi nyumbani nacheka. Mgeni wetu alikuja nyuma, macho mekundu, maana na mama yake alikuwa anaisubiri sabuni. Bibi akatuangalia, akachukua kisu, akaukata mche katikati. "Mgeni wangu haondoki hapa analia," akasema. Nilinuna mpaka jioni, nakwambia.

Gauni lilitakata kwa nusu iliyobaki, na mdogo wangu alipendeza kanisani. Siku hizi sabuni zimejaa kila duka. Furu tuliokuwa tunakaanga wameadimika ziwani, na bibi tulishamzika. Nikikaa peke yangu ninaifikiria ile nusu iliyokwenda Bunda. Ningeachiwa mimi, yote ingebaki kwetu. Asante, bibi.