Mgongo wa Dimanshi

Harufu ya farasi aliyenyeshewa haifanani na ya ng'ombe wala ya mbuzi. Ina utamu kidogo, kama majani makavu yaliyolowa jasho, na mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi ilichanganyika na harufu nyingine iliyonifanya nizibe pua: harufu ya kidonda. Iliingia chumbani kwetu kupitia ukuta wa mbao wa nyuma, kwenye nyumba yetu ya Bagira, mtaa wa mji wa Bukavu, kwa sababu upande wa pili wa mbao hizo ndipo alipolala Dimanshi. Tulimwita hivyo, neno la Kifaransa la Jumapili, kwa kuwa alifika siku hiyo, watu wakitoka misa ya pili, na nusu ya waumini waliacha njia ya kwenda kwao wakamfuata hadi mlangoni petu. Watoto wengi wa mtaa walikuwa hawajapata kumwona farasi ila kwenye picha. Mmoja aliuliza kama huyu ni punda wa matajiri. Mimi niliuliza mengi zaidi ya hayo, na niliendelea kuuliza hata baada ya wengine kuchoka na kwenda kula: kwa nini masikio yake yanageuka kila moja upande wake, kwa nini analala akiwa amesimama, na kwa nini ngozi ya mgongo wake inatetemeka yenyewe kabla hujaigusa.

Aliyemleta ni Tonton Deo, mdogo wake mama. Alikuwa amechunga ng'ombe miaka mingi katika mashamba ya Masisi, ambako wachungaji huzunguka malishoni wakiwa wamepanda farasi. Vita vilipofika huko, mwenye shamba aliondoka, ng'ombe wakatawanyika, na Tonton akabaki na farasi jike mmoja na mguu wa kushoto uliovunjika ukaunga vibaya. Alishuka kandokando ya ziwa kupitia Minova, polepole, hadi kwa dada yake. Mpango wake ulikuwa wazi: kupanda milima ya Kabare alfajiri, kuchukua maziwa kwa wafugaji wasiofikiwa na gari, na kuyaleta mjini asubuhi. Majira ya mvua njia zile huwa matope matupu, na pikipiki hulala chini. Mtu mwenye mguu kama wake asingeweza kuzipanda kwa miguu. "Dada, miguu yangu njo hii," alimwambia mama akimpigapiga farasi shingoni. Mama, ambaye alikuwa fundi wa kushona na hakupenda kelele nyumbani, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani yake: "Miguu yako iko inakula majani ya mtaa muzima."

Tatizo lilikuwa mgongo. Dimanshi alikuwa mzuri wa uso, lakini mungu wa migongo alimsahau. Pale shingo inapokutana na mgongo, fupa lake lilichongoka kama paa la nyumba. Nyuma yake mgongo ulibonyea kama machela, kisha ukapanda tena kuelekea kiunoni. Zaidi ya hayo bega la kushoto lilikuwa nene kuliko la kulia. Tandiko alilokuja nalo, ambalo Tonton aliliita seli kwa Kifaransa chake cha shambani, lilikuwa limelalia lile fupa njia nzima kutoka Masisi na kumchubua hadi nyama ikaonekana. Kila jioni Tonton aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakipaka dawa ya rangi ya zambarau, nami nikashika taa na kuuliza maswali. Mama alitazama hayo kwa majuma kadhaa, halafu akatoa hukumu yake mbele yetu sote. Mchinjaji mmoja wa Kadutu alikuwa amekwisha kuja kumkagua farasi, akamshika mapaja kama mtu anayechagua nyama. "Deo, kama Noeli inafika na huyu nyama hawezi kubeba hata bidoni moja ya maziwa, utamupatia ule papa wa Kadutu. Siwezi kulisha kidonda." Usiku ule sikumsikia Tonton akipiga mluzi kama kawaida yake.

Kwa hiyo tulianza kutafuta tandiko, na hapo ndipo nilipogundua kwamba katika mji wetu wote hakuna duka la vitu hivyo, wala mtu wa kumwuliza. Tonton alikumbuka mambo mawili tu. La kwanza, alipopita Minova alimwona mchuuzi wa kamba na kengele za ng'ombe akiwa na tandiko baya, pana, la turubai na mbao, akalicheka. La pili alilisikia kwa wauza maziwa: karibu na Lwiro, kwenye nyumba ya shamba la zamani la kahawa, kulikuwa na mjane aliyeitwa Maman Veronika, na katika ghala lake lilining'inia tandiko la kizungu. Tulimwacha Dimanshi kwa jirani tukapanda gari la abiria, mimi na Tonton, kwa sababu nililia hadi mama akakubali niende.

Maman Veronika alitupokea kwa ndizi za kuchoma na hakuwa na haraka. Alitufungulia ghala, akaliteremsha lile tandiko, akalifuta vumbi kwa kanga yake. Sijawahi kuona kitu cha ngozi kilichotengenezwa vizuri namna ile. Lilikuwa la rangi ya asali iliyokolea, na mishono yake midogo ilikuwa imepangana kama punje za muhindi. Tonton alilipitishia kiganja, halafu akaketi juu ya gunia akalipakata. "Patron wetu wa Masisi alikuwa na moja kama hii," aliniambia kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuwa nalisafisha kila juma. Siku hata moja sikuikala juu yake." Maman Veronika alisema hataki pesa, alitaka maziwa, kidogo kila juma, hadi majira ya mvua yaishe, na kwanza twende tukalijaribu. Tonton alilibeba hadi Bukavu magotini, na njiani alimkataza kila abiria kuliwekea mzigo.

Tulimvika Dimanshi siku iliyofuata. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga, na kwa macho tandiko lilionekana kama limezaliwa naye. Lakini Tonton alipokaza ukanda wa tumboni, Dimanshi alilaza masikio nyuma na kuuma hewa. Alimpanda kwa hatua chache tu. Farasi akatembea kwa hatua fupi fupi, kama mwanamke aliyevaa viatu vya kuazima. Nilitaka kujua kuna nini huko ndani. Aliposimama, niliingiza mkono wangu chini ya tandiko, pale begani, upande wa kushoto. Vidole viliingia hadi kwenye kifundo cha pili, vikakwama. Iliniuma kama nimebanwa na mlango.

"Tonton, mukono yangu haiingie."

"Toa mukono, utamuzoeza vibaya."

"Inabana, Tonton. Inabana hata mimi."

Alinifokea. Ndiyo mara pekee aliyonifokea maishani, na mama akatoka nje na sindano mdomoni kuona kuna nini. Alinitazama, akamtazama mdogo wake juu ya ile ngozi ya rangi ya asali, kisha akachomeka sindano kwenye gauni lake akaingiza mkono wake mwenyewe. Alikaa hivyo kitambo, macho ameyafumba. "Hii nguo si yake," alisema. Tonton akasema wataongeza godoro ndani, blanketi nene. Mama akacheka kidogo, bila ubaya. "Kiatu kikikubana, unaongeza soksi? Ndani iko ubao, Deo. Ubao haupanuke." Tonton alishuka, mguu mbaya ukitangulia. Alichomoa mkanda polepole, akalibeba tandiko ndani, akaketi nalo gizani hadi chakula cha jioni kikapoa. Kesho yake alilirudisha Lwiro peke yake. Aliporudi alituambia Maman Veronika alimpa ndizi tena na hakumwuliza sababu.

Kuanzia siku ile mama alibadilika. Sidhani kama alimpenda farasi. Nadhani alipata mteja mgumu. Alikuwa mtu wa kuwashonea mabibi arusi wenye bega moja juu na wazee waliopinda mgongo, na alijisifu kwamba hakuna mwili uliomshinda. Alikuja uani na waya laini, akaukunja juu ya mgongo wa Dimanshi nyuma tu ya mabega, akauinua bila kuupotosha, akaulaza juu ya kipande cha katoni na kuuchora kwa chaki. Akafanya hivyo tena nyuma zaidi, na tena kiunoni. Nilishika katoni zile ukutani nikazitazama: vilima vitatu visivyofanana, na cha kwanza kimevimba upande mmoja. Sikujua kwamba mnyama anaweza kuchorwa bila kichwa wala miguu na bado ukamtambua.

Tonton aliulizia namba ya yule mchuuzi wa Minova, akampigia simu. Tandiko la turubai lilifika na boti ya soko, katikati ya magunia ya vitunguu, na lilinuka vitunguu hadi mwisho. Lilikuwa baya kweli. Mchuuzi alikuwa amekata tamaa ya kumpata mteja, hivyo bei yake haikutunyima usingizi. Lakini kiunzi chake kilikuwa kipana, na katikati, juu ya uti wa mgongo, kulikuwa na mfereji ambao ngumi yangu ilipita. Mama alimnyunyizia Dimanshi unga wa muhogo mgongoni, tukaliweka tandiko, tukalibonyeza, tukaliinua na kuligeuza. Unga ulikuwa umeshika mbele na nyuma tu; katikati hapakuwa na kitu. Lilikuwa limekaa kama daraja juu ya mto. "Sasa hapa njo kuna kazi," mama alisema, na uso wake ulikuwa na furaha niliyoizoea akikata kitambaa ghali.

Tulikwenda sokoni kutafuta masweta ya sufu ya mitumba, yaliyochakaa ambayo hakuna aliyeyataka, tukayafumua jioni nzima na kuyachambua hadi yakawa kama pamba. Langu jekundu liliingia pia, kwa hiari yangu. Mama alifungua mito ya chini ya tandiko, ile inayolalia mgongo, akaijaza, zaidi katikati na zaidi mbele kulia ili kufidia lile bega jembamba. Mara ya kwanza alijaza kupita kiasi. Dimanshi alitembea upande upande kama mlevi, na Tonton nusura aanguke kwenye jiko la jirani. Mama alifumua kila kitu akaanza upya, akichokoa madonge kwa kijiti. Unga, kubonyeza, kuinua, kutazama. Kila mara weupe ulienea kidogo zaidi.

Juma moja kabla ya Noeli tulipanda Kabare, mimi nyuma ya Tonton, nimemshika kiuno. Ukungu ulikuwa mzito, na matope yalilia chini ya kwato. Kwenye boma la mfugaji wa kwanza Tonton alishuka akasema, "Njoo uone, weye wa maswali." Aliinua tandiko. Mvuke ulipanda kutoka mgongoni, na chini yake manyoya yalikuwa yamelowa sawasawa pande zote mbili, bila doa kavu hata moja la kuonyesha palipobanwa, na pale palipokuwa na kidonda ngozi ilikuwa imefunga. Tonton aliegemeza paji la uso kwenye shingo ya Dimanshi, na mfugaji akasubiri na maziwa yake mkononi. Tulirudi na bidoni mbili zimejaa. Mama alionja, akasema yana harufu ya vitunguu, akamtuma mtu Kadutu kumwambia yule mchinjaji asihangaike kuja.

Dimanshi alibeba maziwa miaka mingi, hadi uzee ukamlegeza magoti, akafa akiwa amelala chini, mara hiyo moja tu, kwenye majani. Leo pale uani pamejengwa vyumba vya kupangisha, na maziwa tunayanunua dukani kwenye mifuko. Tonton Deo ana mvi na hukaa kwetu siku za sikukuu. Mama bado anashona, ila mimi ndiye ninayetunga uzi. Kila asubuhi naenda kazini Ibanda kwa pikipiki ya kukodi. Zamani nyumba nzima ilitumia majira ya mvua kuusoma mgongo wa kiumbe mmoja aliyetubeba. Siku hizi naangalia mgongo wa dereva yuleyule kwa miezi, nikiwa na haraka, na sijui hata jina lake. Juzi mashimo ya barabara yalimfanya agune. Tulipofika nilimwuliza anaitwa nani, na kama mgongo unamwuma. Alinigeukia kwa mshangao. Alizima injini kwanza, akavua kofia, ndipo akaanza kunijibu.