Filamu Ambayo Bosi Hakuimaliza

Meneja aliponipigia makofi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Maana hapo nilikuwa nimetoka kumtukana, kwa kipaza sauti, mbele ya wafanyakazi wake wote.

Ngoja nianze na dada yangu, ndipo mtanielewa.

Dada alikuwa anapiga pasi kwenye kiwanda cha mashati. Kazi ya kusimama kutwa nzima, mvuke unakupiga usoni, na juu ya kichwa chako kamera. Meneja yuko ghorofani, ukuta mzima wa ofisi yake televisheni, anawaangalia mmoja mmoja. Ukiegemea meza tu, spika inabweka: "Simama!"

Wafanyakazi wakambandika jina hilo hilo. Simama.

Dada akapata ujauzito. Miguu ikavimba mpaka viatu vikamkataa. Siku moja akaona isiwe tabu, akavuta boksi, akakaa.

Hakuwahi hata kushusha pumzi. Akaitwa ofisini.

"Miguu yako ni mali ya kampuni mpaka jioni," Simama akamwambia. "Kama imechoka, ichukue ukakae nayo nyumbani."

Kazi ikaishia hapo. Dada akarudi analia, na mimi nikaapa kwamba huyu mtu nitamlipa.

Sasa, mimi kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nashika kipaza sauti, picha inakwenda, mimi naongea kwa niaba ya kila mtu: wanaume, wanawake, hata mbwa akibweka namsaidia. Mtaani wananiita Mdomo.

Kiwanda kikaandaa sherehe ya wafanyakazi, na Simama mwenyewe akanitafuta. Hakujua mimi ni ndugu wa nani. Alikuwa na filamu moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mji wa miaka ijayo. Watu wamenyolewa vipara, kifuani wana namba badala ya majina, wanahudumia mashine huku Bwana Mkubwa akiwachungulia kutoka mnarani.

"Nimeangalia mwanzo wake tu," akasema, "lakini ile nidhamu! Nataka watu wangu waione."

Lugha ya filamu ile hakuna aliyeijua. Hata mimi, niseme ukweli. Lakini ukiizoea kazi hii unasoma nyuso za watu, kinachobaki unajaza mwenyewe.

Nikajaza.

Siku ya sherehe, Bwana Mkubwa alipofungua kinywa, nikamtolea sauti nzito: "Simameni! Miguu yenu ni mali ya kampuni mpaka jioni!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Watu wote wakageuka kumtazama Simama. Nikajisemea moyoni, leo ndiyo leo.

Simama akainuka, akapiga makofi.

"Safi sana! Mnasikia hayo?" akawaambia watu wake. Kisha simu yake ikaita, akatoka kuipokea, na hakurudi tena.

Jamani! Nimemsema hadharani, na yeye kafurahi!

Kesho yake akanipigia. Anataka nimrekodie tangazo la kiwandani, kwa sauti ile ile na maneno yale yale. Nikafika kwa dada nimefura; filamu yenyewe nilikuwa nimeshamsimulia yote usiku ule ule wa sherehe.

"Dada, huyu jamaa hana haya. Anataka niwe spika yake! Siendi."

Dada akaniuliza, "Filamu aliimaliza?"

"Aliondoka katikati."

"Na wenzangu?"

"Walibaki mpaka mwisho."

 Dada akacheka, akashika tumbo, akacheka tena.

"Mdogo wangu, nenda karekodi. Usibadilishe hata neno."

Nikaenda bila kuelewa kitu. Simama akasikiliza huku akitabasamu. "Maneno matamu haya. Umeyatoa wapi?"

"Kwenye filamu, bosi."

Dada naye jioni akawa hatulii. Anapita kwa huyu, anapita kwa yule, wote watu wa kiwandani. Nilidhani anawaaga.

Ikafika siku ya wageni, wanunuzi wakubwa ambao mkataba wao ndio ulikuwa unakibeba kiwanda. Niliitwa niangalie spika zisije zikakoroma. Simama akawapandisha wageni ofisini, mimi nikiwa pale pale kwenye mitambo, mbele ya ule ukuta wa televisheni.

"Tazameni nidhamu," akasema, akabonyeza.

Sauti yangu ikanguruma: "Simameni! Miguu yenu ni mali ya kampuni mpaka jioni!"

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipiga pasi meza moja na dada, akazima pasi yake. Akaiweka pembeni. Akakaa sakafuni.

Wa pili akakaa. Mstari mzima ukakaa. Kiwanda kizima.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndivyo filamu ile inavyoisha: Bwana Mkubwa anaamrisha, watu wa namba wanakaa chini, mashine zinazima, mnara unabaki giza.

Simama akabonyeza tena. Na tena. Kila akibonyeza, sauti yangu inawaambia wasimame, nao wananyoosha miguu vizuri zaidi. Kila televisheni ukutani ilijaa watu waliokaa.

Mgeni mmoja, mwanamke, akauliza taratibu, "Hawa wakichoka huwa wanakaa wapi?"

Simama akanigeukia, jasho linamtiririka. "Umewafanya nini watu wangu?"

"Mimi? Nimetafsiri tu, bosi."

Nilikuwa nalisubiri swali hilo tangu dada aliporudi analia. Kumjibu kulikuwa kutamu, sitaki kuwadanganya.

Mkataba ukawekwa kando mpaka viti vipatikane. Mwenye kiwanda akavileta mbio mbio. Simama akashushwa cheo, sasa yuko getini anakagua magari ya mizigo. Nasikia kule hakuna kiti. Kwangu asitegemee pole.

Dada alijifungua salama, akarudishwa kazini. Kachagua kiti kilicho chini ya kamera kabisa, na kila akikaa huipungia mkono.

Ninyi mabosi mnaonisoma, fundisho langu ni moja tu: filamu ukiipenda, itazame mpaka mwisho.