Mama Alipocheza Mbele ya Zahanati

Mama alipata kiharusi asubuhi, akipepeta maharage uani kwake Kalenga. Jirani aliyekuja kuazima jembe alimkuta ameketi chini, ungo umepinduka, maharage yametapakaa, naye anajaribu kuyaokota kwa mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa umekataa. Hakulia wala hakuita mtu. Alimwambia jirani, kwa ulimi mzito, aangalie asiyakanyage.

Alipotoka hospitali tulimleta kwangu, Iringa mjini. Mimi ni fundi cherehani, kazi zangu nazifanyia nyumbani, kwa hiyo kaka zangu waliona ni mimi ninayeweza kuwa naye mchana kutwa. Baba akaja pamoja naye. Alikuwa hajawahi kuishi katika nyumba ya mtu mwingine tangu alipooa, na wiki za mwanzo alikaa sebuleni kama mgeni anayesubiri mwenyeji atoke: koti mwilini, kofia juu ya goti, miguu imebanwa pamoja. Alikuwa amekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi kule kijijini, mtu wa maneno machache, na maneno yake hayakurudiwa mara mbili.

Nesi wa zahanati ya mtaani kwetu ndiye aliyeleta habari ya ngoma. Alikuwa msichana mwenye sauti ya chini, anayewaita wazee wote baba na mama. Alikuja nyumbani kumwangalia mama, akaushika ule mkono wa kushoto, akaukunja na kuukunjua taratibu.

"Huu mkono unataka kazi," alisema. "Jumatano tunao wazee wenzake. Wanapima presha, wakishapima wanacheza ngoma pale nje. Mlete, dada."

Baba aliinua kichwa. "Ngoma gani?"

"Ngoma tu, baba. Ya mazoezi."

"Ngoma ni mambo tuliyoyaacha," baba alisema, na akarudi kutazama ukuta.

Ilikuwa kweli, yeye aliyaacha. Nyumbani kwetu hakuna aliyecheza. Tulipokwenda harusini, baba alikula, akawapongeza maharusi, kisha akatukusanya tukaondoka kabla ngoma hazijaanza. Tuliusikia mdundo kwa nyuma tukiwa njiani, mama akitembea na mtoto mgongoni, na sikumbuki kama nilimwona akigeuka.

Mama hakuwa Mhehe. Alikuwa Msafwa, alizaliwa milimani juu ya Mbeya, ambako baba alipelekwa ujanani kupaua darasa la shule, akarudi na mke. Huko Kalenga alijifunza Kihehe mpaka watu wakasahau kwamba alitoka kwingine. Sisi watoto hakutufundisha lugha yake. Kihehe tulikipata nyumbani, Kiswahili shuleni. Kisafwa tulikisikia kwenye simu tu, alipoongea na dada yake, na hata hapo alitoka nje akaongelea karibu na banda la kuku. Nilikuwa nikidhani anatafuta mtandao.

Jumatano ya kwanza alivaa kitenge chake kizuri, akaniomba nimfunge kilemba.

"Mama," baba alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote.

"Mzee, wamesema mkono usipochezeshwa utakufa," mama alijibu. "Ukifa, nitakusongea ugali kwa mkono gani?"

Tukaondoka.

Zahanati ile ina kiwanja kidogo cha udongo mwekundu mbele yake, na bomba la maji pembeni. Wazee walikaa kwenye benchi wakisubiri kupimwa, wamejifunga mashuka na makoti mazito kwa sababu ilikuwa miezi ya baridi. Palikuwa na dereva mstaafu wa malori aliyepiga ngoma kwa viganja vyake vyote viwili. Palikuwa na bibi mwenye duka la vitenge karibu na msikiti, ambaye babu zake walitoka pwani. Huyo ndiye aliyempokea mama, akamshika kiuno, akamwonyesha pa kusimama.

"Wewe egemea kwangu," alimwambia. "Mimi goti limekufa, wewe mkono. Tukiungana tunapata mtu mzima mmoja."

Mama alicheka. Mdomo wake ulikuwa bado umeegemea upande mmoja, na kicheko kilitoka kimepinda, lakini kilikuwa kicheko.

Nesi alikuwa na utaratibu wake. Kila wiki mzee mmoja alileta wimbo wa kwao na kuwafundisha wengine namna ya kuuchezea. Wakinga walileta wao, Wabena wao. Bibi wa duka alileta wa harusi, wa kuchezea kiuno tu, miguu imetulia, na yule dereva alisema kwamba huo ndio unaomfaa mgonjwa wa miguu. Zamu ya mama ilipofika nilijua angeimba Kihehe. Alisimama karibu na bomba, akasafisha koo, akaanza kuimba kwa lugha ambayo sikuielewa hata neno moja.

Sauti ilikuwa nyembamba na haikutetemeka. Alianza kwa mguu wa kulia, akauburuta wa kushoto ukafuata, akainama kidogo, akainuka. Wenzake waliitikia walivyoweza. Wimbo ulipofika mahali fulani, pengine mahali ambapo wasichana wa kwao walikuwa wakiinua mikono, mama akaiinua. Wa kulia ulikwenda juu. Wa kushoto ulifika kifuani, ukakaa hapo, vidole vimefunguka. Nilikuwa na mama huyu maisha yangu yote. Nilisimama pale na mkoba wake mkononi kama ninayemtazama mke wa mtu mwingine, binti wa watu wengine.

Njiani nilimuuliza wimbo ule unasemaje.

"Wa wasichana," alisema.

"Unasemaje lakini?"

"Nitakuambia siku nyingine. Kwa Kiswahili hautapendeza."

Nyumbani baba alimuuliza, "Umecheza?"

"Nimecheza."

"Umechoka?"

"Nimechoka vizuri."

Baba aliinuka, akachukua chupa ya chai mezani, akammiminia kikombe. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Tangu hapo mama alianza kumwomba. Hakumwomba acheze. "Njoo unione tu," alimwambia. "Ukae benchini na kofia yako." Baba alisema wiki ijayo. Wiki hiyo alikuwa na kikao cha kanisa Kalenga. Iliyofuata kifua kilimbana. Halafu kukawa na msiba wa rafiki yake. Hakukataa hata mara moja. Mama naye hakununa. Alifunga kilemba chake kila Jumatano, na sasa alikifunga mwenyewe, mkono mmoja ukisaidiwa na mwingine.

Alifariki mvua zilipokuwa zinakaribia. Alikula mchana, akatoka kuota jua kwenye mkeka uani, na nilipomwita aje anisaidie kuchagua vifungo hakuitika. Tulimfikisha hospitali akiwa bado anapumua. Baba alikaa naye mpaka mwisho, ameshika mkono wa kushoto, ule ule, akiukunja na kuukunjua kama alivyomwona nesi akifanya.

Tulimzika Kalenga. Wenzake wa Jumatano walikodi gari wakaja wote, hata wale ambao miguu iliwasumbua. Walikuja na ngoma. Kabla ya ibada, bibi wa duka alimfuata baba alipokuwa ameketi na wazee wenzake wa kanisa. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Pole sana, baba," alisema. "Tuna ombi. Tungependa kumuaga mwenzetu kidogo tu, kwa ule wimbo wake."

Baba aliwatazama wale wazee aliotumika nao, kisha akatazama chini.

"Hapana," alisema. "Hapa mtaimba za kitabu."

"Sawa, baba. Ni msiba wako."

Bibi alirudi akakaa na wenzake kwenye jamvi. Waliimba za kitabu cha kanisa wale waliozijua. Yeye mwenyewe hakuzijua, akakaa ameweka mikono mapajani hadi mwisho. Tulipomaliza kufukia, walitupa mkono wa pole mmoja mmoja, wakaondoka, na dereva akairudisha ngoma garini ikiwa bado imefunikwa kanga.

Baba alirudi kwangu kwa sababu kaka zangu hawakutaka abaki peke yake. Alikula kidogo, akapungua. Presha yake ilipanda mpaka nesi akawa anapita nyumbani kumwangalia. Jumatano moja nilimkuta amekwisha vaa koti lake la kanisani.

"Nipeleke nikapime," alisema.

Alipimwa. Akaenda kukaa benchini, kofia juu ya goti. Wazee walimsalimu, kamwene, baba, kamwene, wakaanza ngoma yao. Walipopumzika akamwita nesi.

"Mke wangu alikuwa anasimama wapi?"

"Pale, baba. Karibu na bomba."

"Alikuwa anachezaje?"

Nesi alinitazama. Kisha alijaribu kumwonyesha, mguu wa kulia, wa kushoto unafuata. Bibi wa duka alisema siyo hivyo, alikuwa anainama zaidi. Dereva alisema hakuinama, alikuwa anayumba tu. Walibishana kwa upole pale mbele yake, kila mmoja akicheza kidogo, na kila mmoja alimcheza tofauti, na baba akawa anageuza kichwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Nesi alikumbuka kwamba alikuwa na video kwenye simu. Alimpa. Alikuwa amewarekodi wote siku fulani, na mama alionekana pembeni kabisa, kwa muda mfupi, ameipa kamera mgongo. Unakiona kilemba, bega moja, na kisigino kinachoburutwa. Halafu mtu anapita mbele na anapotoka kamera imekwisha geuka. Baba aliitazama, akaomba irudiwe, akaitazama tena. Nesi alimwachia simu, akaenda kuhudumia wagonjwa.

Muda si mrefu baba akasema anataka kwenda Mbeya. Dada yake mama, ambaye kwangu ni mama mkubwa, hakuja msibani kwa sababu hawezi tena kutembea. Tulipanda basi asubuhi, na mpaka tunapita Makambako alikuwa bado ameshikilia tiketi mkononi. Mama mkubwa tulimkuta kitandani karibu na dirisha, amezungushiwa mablanketi, macho yake yakiwa yale yale ya mama. Alilia alipotuona, na baba akasubiri amalize.

"Shemeji," baba alisema baadaye. "Kuna wimbo aliuimba kule Iringa. Huyu mtoto aliusikia. Mimi sikuwepo."

Niliuimbia puani, kwa vipande nilivyokumbuka, bila maneno. Sikufika mbali. Mama mkubwa aliupokea akaumalizia, akipiga kofi taratibu juu ya blanketi.

"Huo tulikuwa tunamsindikizia bibi harusi," alisema. "Unasema, mwenzetu punguza mwendo, mlima bado tuko nao, kule unakoshuka hakuna anayekujua. Basi hivyo hivyo, mpaka mwisho."

"Na yeye aliimbiwa?" baba aliuliza.

"Aliimbiwa. Siku ile mlipomchukua."

"Mimi nilikuwepo siku ile."

"Ulikuwepo. Ulikuwa mbele na watu wako wa kanisa, mnaimba za kwenu. Sisi wasichana tulikuwa nyuma naye."

Baba aliivua kofia yake, ambayo alikuwa amesahau kuivua mlangoni.

"Sikusikia," alisema.

"Ungesikiaje, shemeji? Mlikuwa wengi, na mlikuwa na sauti."

Alikuwa hamlaumu. Alikuwa anamweleza tu ilivyokuwa. Baba alikubali kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia, halafu akaficha uso wake kwenye kofia. Sikujua nifanye nini. Nilitoka nje nikakaa na watoto wa nyumba ile waliokuwa wanamenya viazi, nikachukua kisu nikamenya nao.

Jumatano baada ya kurudi, baba alipima presha, na ngoma ilipolia alisimama. Anacheza vibaya. Anainua mguu kama mtu anayeutoa kwenye tope, na anauweka chini baada ya wenzake wote. Hatabasamu. Bibi wa duka alijaribu kumshika mkono, akauchomoa kwa adabu. Watu wa kanisani walisikia, na mmoja wao alikuja nyumbani kumuuliza. Baba alimjibu kwamba ni dawa, ameandikiwa na nesi, kisha akamuuliza habari za mahindi.

Presha imeshuka. Usingizi haujarudi, na bado analala upande mmoja wa kitanda, amejibana ukutani. Nesi alihamishiwa Chunya. Aliyekuja baada yake ana kazi nyingi, anawapima tu na kuwaacha. Kwa hiyo wazee wanacheza peke yao, dereva akipiga ngoma, na kila baada ya miezi michache kuna mmoja ambaye haji tena.

Jumatano iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilimwambia baba abaki, akachukua mwavuli akaenda. Walifika wachache, wakasimama kibarazani wakisubiri ipungue, haikupungua, wakatawanyika. Alirudi suruali imelowa mpaka magotini. Nilimpa chai. Akaniuliza kama wiki hii nimempigia mama mkubwa, nikasema bado, nikapiga, nikamwekea simu sikioni. Waliongea habari za mvua, ya huku na ya kule, mpaka salio likaisha.