Fotei Niliyolalia Kabla ya Kuiandika

Siku yangu ya kwanza kazini, Maître, huissier wetu, yaani ofisa anayepeleka hukumu hadi mlangoni kwa mdaiwa, aliniuliza kwa nini nimechagua kazi hii ya kumsaidia. Nilikuwa na cheti cha sekondari na uvivu wa kutembea. Nikamjibu ukweli: ofisi iko karibu na kwetu, mtaa wa Mutanga Nord.

"Mutoto wa nyumbani!" akacheka. "Basi utashinda mu nyumba za watu."

Ilikuwa miaka ya vita. Kila jioni mji ulijifunga mapema, nami, Mungu anisamehe, kuwahi nyumbani hakukunisumbua.

Kesi iliyonifunza kazi ilikuwa ya Mama Chantal, mshonaji wa Kinama. Alimshonea Salvator, mfanyabiashara wa Ruziba, uniforme za shule. Salvator akachukua mzigo, hakulipa. Mkataba wao ulisema wakigombana waende kwa arbitre, msuluhishi waliyemchagua wenyewe. Msuluhishi akampa mama haki. Mama alituletea karatasi ya uamuzi imefungwa kwenye pindo la kitenge. Mashine zake mbili za kushonea zilikuwa rehani, na mwisho wa mwezi zingeuzwa.

"Hii bado haina meno, mama," Maître alimwambia.

Uamuzi wa msuluhishi haukamati mali ya mtu mpaka rais wa tribinali, yaani mahakama, ya biashara auidhinishe kwa muhuri. Idhini hiyo ndiyo exequatur. Tuliipata. Salvator akapewa amri ya kulipa, asilipe. Basi nikatumwa nyumbani kwake Ruziba kuandika orodha ya vitu vya kukamata. Kitanda na sufuria, sheria inaviacha.

Salvator aliapa kwamba kila kitu ni cha shemeji yake. Kabla sijamaliza kubishana, risasi zikalia upande wa barabara, njia ikafungwa. Mimi, nisiyelala ugenini hata kwa harusi, nikalala kwa mdaiwa.

Mkewe alinipakulia maharage na ndagala, dagaa wa ziwani. "Kula, mukamataji. Nguvu ya kuandika itatoka wapi?" Halafu, akimtazama mumewe: "Duka letu la mujini, mupangaji analipa kila mwisho wa mwezi. Hata siku moja hajachelewa."

Salvator akakohoa. Nami? Nikaomba ndagala tena.

Asubuhi nikaandika: redio, meza, na fotei, kile kiti cha mito.

"Unaandika fotei uliyolalia?" Salvator akauliza.

"Ndiyo. Ni nzuri, mi ni shahidi."

Ofisini nikasimulia yote, pamoja na ndagala. Maître akaweka kalamu chini. "Muke wa mutu amekupa duka kwenye sahani, we unaniletea fotei?"

Ndipo nikajifunza saisie-arrêt: kuzuia fedha za mdaiwa zilizo mikononi mwa mtu mwingine. Tulimwandikia mpangaji asimlipe Salvator. Ilibaki kurudi tribinali kuthibitisha, lakini Salvator hakungoja. Alikuja mwenyewe kusaini kodi iende kwa Mama Chantal.

"Hata kwangu sili tena kwa amani," alinung'unika.

Mwisho wa mwezi kodi ikakomboa mashine, zikarudi Kinama.

Vijana mnaoanza, ulizeni kwanza nani anashika fedha za mdaiwa, ndipo mhesabu viti. Na mkipewa chakula, sikilizeni. Mimi nimestaafu, sitoki. Nakaa kwenye fotei yangu mwenyewe, mito yake imevikwa kaki ya shule. Mama Chantal aliishona kwa mashine zile, akakataa malipo.

"Sasa ulale kwako," aliniambia.